"Bora Vina Vimekaa": Dhana Potofu Kuhusu Kuwaandikia Watoto

Anayeleta mswada wa shairi la watoto huanza na neno lile lile: "Mwalimu, vina vyote vimekaa." Amu, yaani Lamu, husemwa hivyo, Malindi husemwa hivyo, na ukienda kijijini Matondoni utakuta mtu anakungoja nalo bandarini. Sasa imetosha.

Dhana: shairi la mtoto ni vina, mengine hayana uzito.

Kwa Kiswahili, kina ndicho kitu cha bei rahisi kuliko vyote. Vitenzi vyetu vya asili karibu vyote huishia na *a*. Ukitaka *-na*, chukua kupendana, kufuatana, kuonana, mpaka uchoke. Ukitaka *-sha*, chukua kuchekesha, kurusha, kulisha. Ukitaka *-ni*, bandika kwenye majina mengi: sokoni, pwani, jikoni. Lugha yenyewe inakupa vina bure, kwa hiyo usijisifu navyo. Tena wengi hawavipati hata hivyo: "cheza" na "ruka" si kina. Kina ni silabi nzima, konsonanti na irabu yake, *za* kwa *za*, *ka* kwa *ka*. Kufanana kwa *a* peke yake hakutoshi.

Tazama ubeti wa aina inayoletwa kila mara:

*Punda mmoja alitoka,*
*Sokoni akazunguka,*
*Barabarani akaanguka,*
*Watu wote wakacheka.*

Kina ni *ka* mara nne. Safi. Sasa hesabu mizani, yaani silabi za kila mstari. Mstari wa kwanza 9 (pu-nda-m-mo-ja-a-li-to-ka), wa pili 8, wa tatu 10, wa nne 8. Mtoto wa miaka mitano anayepiga makofi huku akikariri atafika "barabarani" na mikono yake itagongana hewani, kwa sababu silabi zimezidi makofi. Haelewi kilichoharibika, ila shairi hilo hatalitaka tena. Zaidi ya hayo, ndani ya mji mkongwe wa Amu punda huyo ameipata wapi barabara?

Linganisha na huu:

*Punda katoka kizani,*
*Kapita kichochoroni,*
*Na mzigo mgongoni,*
*Kasimama. Kuna nini?*

Mizani 8 kila mstari. Kina ni *ni*, nacho ni cha bei rahisi vile vile, sikatai, lakini hapa hakijabeba kazi yote. "Kichochoroni" na "mgongoni" zinafanana hadi irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho, pale sauti yetu inapokaza, na hapo ndipo sikio la mtoto linaposikia kina vizuri. Halafu "nini" inamlazimisha afungue ukurasa.

Kuhesabu mizani kuna mitego miwili. *M* na *n* zinazosimama peke yake ni mizani kamili: m-to-to ni 3, m-cha-nga ni 3. Zikiungana na konsonanti inayofuata hazihesabiwi: nyu-mba ni 2, mbu-zi ni 2, nde-ge ni 2. Lakini neno likiwa fupi mno, nazali inarudi kuhesabiwa, kwa kuwa mkazo unaiangukia: m-bwa ni 2, n-chi ni 2. Anayesema mbwa ni mizani 1 atazidisha mizani bila kujua kwa nini.

Ukiona mstari umepungua, usiuzibe kwa "sana", "kweli" au "jamani". Hicho ni kiraka, na mtoto anakiona. Washairi wa zamani walikuwa na inkisari (kufupisha neno), mazida (kurefusha neno) na kuboronga sarufi (kupindua mpangilio wa maneno), na walizitumia kwa ustadi. Kwa watoto, inkisari inafaa pale tu watoto wenyewe wanaposema hivyo: "kaja", "katoka". Mazida kama "enenda" yaache. Kuboronga sarufi usikuguse kabisa, maana mtoto bado anajifunza neno gani hutangulia neno gani. Dawa ni kuubomoa mstari mzima na kuujenga upya. "Barabarani akaanguka" haitengenezeki kwa kukatwa kidole, inatupwa.

Jaribio langu ninalolipenda ni hili: mpe mswada mtu mzima ambaye hajauona, asome kwa sauti bila kujiandaa, wewe ukae na penseli. Kila anapojikwaa, tia alama. Rudia na msomaji wa pili. Palipo na alama mbili, andika upya, hata kama mstari huo ndio unaoupenda kuliko yote. Usisome wewe mwenyewe. Wewe unajua pa kuvuta na pa kukimbia, na ulimi wako utakuficha makosa. Nani aliyewahi kujikwaa kwenye "Paukwa!" na "Pakawa!"? Mizani 3 kwa mizani 3, na mtoto anaitikia kabla hajajua maana.

Dhana: lazima mwisho uwe na funzo. Hapana. Beti kumi za punda na ya kumi na moja "hivyo watoto tuwe na subira" ni kumtoza mtoto nauli baada ya kumwambia safari ni ya bure. Ikiwa punda kasubiri, mtoto kamwona akisubiri. Futa.

Dhana: maneno yaeleze kila kitu, mchoraji atafuata. Kinyume chake. Kama picha itaonyesha jahazi lenye tanga lililotiwa kiraka, usiandike tanga lina kiraka. Andika kile picha haiwezi: sauti, harufu, mawazo ya nahodha, kinachokuja. Maelezo ya mchoraji yaandikwe pembeni, kwa mabano mraba, na yawe machache.

Halafu kuna hesabu ya kurasa, ambayo watu huipuuza mpaka kiwandani. Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mashine ikikunjwa hutoa kurasa 8 au 16. Kinachoshonwa kwa pini lazima kigawanyike kwa 4. Ukitoa jina la kitabu, hakimiliki na tabaruku (maneno ya kumtunukia mtu kitabu), unabaki na mifunguo 14 hivi ya kurasa mbilimbili. Mswada wa "kurasa 27" haupo duniani.

Kabla hujamtumia mtu yeyote, tengeneza maketi, yaani kitabu cha mfano. Chukua karatasi 8 za A4, zikunje katikati, zipachike moja ndani ya nyingine, piga pini: hizo ni kurasa 32. Kata maneno yako kwa mkasi, yabandike kwa gundi hafifu, kisha funua. Swali likae ukurasa wa kulia, jibu lingoje upande wa pili wa karatasi. Ukikuta mfunguo una mistari kumi na ufuatao una miwili, kosa umeliona kwa senti chache. Uso wa mtu au neno lisikae kwenye mkunjo wa katikati, litamezwa. Picha inayofika ukingoni ichorwe ikipita milimita 3 nje ya mahali pa kukatwa, la sivyo utabaki na ufito mweupe.

Dhana: Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, kitamharibia mtoto Kiswahili cha mtihani. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa 1928, na utenzi ulikuwa umeshakomaa visiwani kwetu. Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi wake maarufu mnamo 1858. Mtoto wa mtaa wa Langoni, hapa Amu, anajua "mai" ni maji na "moya" ni moja, na darasani anabadilisha bila kufundishwa. Tatizo lililopo ni la fundi: mhariri akigeuza maneno baada ya ubeti kukamilika, mizani hubaki sawa lakini kina huvunjika. "Mai" na "chai" zinaoana. "Maji" na "chai" hazioani. "Moya" na "kuya" zinanusurika zikigeuka "moja" na "kuja", lakini "moya" na "mbaya" zinakufa. Amua lahaja kabla ya mstari wa kwanza, mwandikie mhariri umeamua nini, na msichanganye katikati ya ubeti.

Dhana: mwandishi hukaa ufukweni Shela akingoja upepo umletee beti. Asubuhi ni kuhesabu silabi, saa mbili, kwa sauti, mpaka majirani wakuchoke. Mchana ni barua za shule, ankara, na kumkumbusha mtu ankara ya mwezi uliopita. Jioni ni kufuta ya asubuhi.

Dhana: kitabu kikitoka, pesa zinaingia. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 300, na duka limepewa punguzo la asilimia 35. Mchapishaji anapokea 195. Mrabaha, yaani fungu la mwandishi, ukiwa asilimia 10 ya alichopokea, ni shilingi 19.50, na ukigawana nusu kwa nusu na mchoraji, wewe una 9.75. Ukiuza nakala elfu moja ni shilingi 9,750, na mara nyingi hulipwa mara moja au mbili kwa mwaka. Kwenye mkataba angalia kwanza kama asilimia inahesabiwa juu ya bei ya dukani au juu ya alichopokea mchapishaji. Neno hilo moja linabadilisha 9.75 kuwa 15.

Dhana: usipokisajili, kitaibwa. Kenya, hakimiliki inaanza pale ulipoandika, na inadumu miaka 50 baada ya kifo chako. Kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ni ushahidi mzuri, si sharti. Sheria inalinda beti ulizoandika. Wazo la punda aliyekwama kichochoroni liko huru kwa kila mtu, kwa hiyo acha kuwaficha marafiki mswada wako na uwape wausome kwa sauti, na penseli yako iwe tayari.