Kuchora nyusi kwa wanja wa bei nafuu: anza na mkia, kichwa kisubiri

Wasichana wengi wanaokuja kwangu kujifunza kuchora nyusi huanza kwa kunitajia vifaa wasivyo na uwezo wa kuvinunua. Ninafanya kazi ya upambaji hapa Dar es Salaam, na kwa uzoefu huo nasema wazi kwamba wanja wa penseli unaopatikana Kariakoo kwa shilingi elfu chache unamtosha kabisa anayeanza. Nyusi zake huharibika kwa sababu ya mahali anapoanzia. Karibu kila anayeanza hushika kwanza kichwa cha unyusi, yaani ile sehemu iliyo karibu na pua, wakati mkono bado ni mzito na ncha ya wanja bado imejaa rangi, na akifika mkiani amekwisha kuchoka au ameingiwa na woga. Matokeo yake ni kichwa cheusi chenye pembe nne na mkia uliofifia, jambo ambalo ni kinyume na unyusi unavyoota.

Jitazame kwa karibu kwenye kioo, mchana, karibu na dirisha. Utaona kwamba vinywele vya kichwa cha unyusi ni vichache na vinaelekea juu, na ngozi inaonekana katikati yake. Kuanzia katikati, vinywele vya juu hulala kuelekea chini na vya chini hulala kuelekea juu, vikakutana kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo unyusi unapokoza. Mkiani vinywele vyote huelekea upande wa sikio huku vikishuka kidogo. Ukishauona mpangilio huo, utaelewa kwa nini rangi nyingi inatakiwa katikati na mkiani, na kwa nini kichwa hupewa kidogo sana, tena mwishoni.

Katika kununua, tofautisha wanja wa macho na wanja wa nyusi. Wa macho ni laini kwa sababu hutengenezwa ili uteleze kwenye kope, na kwa joto na unyevu wa jiji letu utakuwa umeshuka kabla hujateremka kwenye daladala. Wa nyusi ni mgumu zaidi, na ugumu huo unamfaa anayeanza, kwa kuwa hautoi rangi nyingi kwa mguso mmoja. Chora mstari nyuma ya kiganja, subiri kidogo, kisha usugue kwa kidole; ukitapakaa wote, huo ni wa macho. Kuhusu rangi, mimi hupendelea kahawia iliyokoza hata kwa mwenye nywele nyeusi, kwa sababu wanja mweusi ukizidi huonekana kama umepakwa juu ya ngozi, hasa juani. Mwenye ngozi nyeusi sana na nyusi nzito anaweza kutumia mweusi, mradi mkono wake uwe mwepesi.

Hakikisha pia kwamba bidhaa ina jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Ule mchoro wa kikopo kilicho wazi wenye maandishi kama 12M maana yake ni miezi 12 tangu ulipofungua. Na tafadhali usiazimane wanja na mtu, hata awe dada yako wa tumbo moja: walioshuhudia ugonjwa wa macho mekundu ulivyoenea Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka 2024 hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tuchore. Nawa uso, jifute mpaka nyusi zikauke kabisa, kisha pitisha poda kidogo sana ili kunyonya mafuta, maana wanja haushiki juu ya mafuta. Zichane nyusi kwa brashi ya maskara yako iliyokwisha, ambayo umeiosha vizuri kwa sabuni na kuianika. Kupata mkia, laza penseli kutoka ubavuni mwa pua ipite kwenye kona ya nje ya jicho. Inapokutana na unyusi ndipo mkia unapokoma. Kwa kichwa, wengi hufundishwa kusimamisha penseli wima pembeni mwa pua, lakini kipimo hicho huwadanganya wenye pua pana, kwa kuwa huziacha nyusi zikiwa zimeachana mno. Kwa uso wa namna hiyo mimi hupima kwa kona ya ndani ya jicho.

Chonga ncha, shika penseli kwa nyuma ili usiweze kukandamiza, kisha anza kwenye mkia kwa vistari vifupi vinavyofuata mlalo wa vinywele. Rudi polepole kuelekea katikati, ukijaza ukingo wa chini kwanza, kwa kuwa ndio unaoupa unyusi umbo lake. Fika katikati, simama, uchore mkia wa unyusi wa pili kabla ya kuendelea. Ukimaliza mmoja wote ndipo uanze mwingine, utajikuta unaziongeza zote mbili kwa zamu ili zilingane. Wembe uache kando kwa sasa. Kutinda ukingo wa juu kabla hujaujua umbo la uso wako ni haraka isiyo na faida, na vinywele huweza kuchukua miezi kurudi.

Kilichokosewa pembeni kisafishe kwa kijiti cha pamba chenye fandesheni kidogo ya rangi ya ngozi yako. Ndipo ugeukie kichwa. Usikiguse kwa penseli kwanza: pitisha brashi kutoka katikati kwenda mbele, ikivuta rangi iliyokwisha kuwapo, kisha ukichane kuelekea juu. Ikibaki nafasi iliyo wazi, ongeza vistari viwili au vitatu vyembamba, uvichane tena. Toka mlangoni ujitazame kwenye mwanga wa nje kabla ya kuondoka, kwa sababu taa ya chumbani huficha weusi uliozidi.