Je, wajua kwa nini hukumu ya 1954 haikumaliza mara moja ubaguzi katika shule za Marekani?

Tarehe 17 Mei 1954, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua, katika kesi ya Brown, kwamba kutenga watoto kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha Katiba. Lakini miaka 10 baadaye, katika majimbo 11 ya Kusini yaliyowahi kujitenga na Marekani, ni kama mtoto 1 tu kati ya 100 weusi aliyekaa darasa moja na wazungu.

Chanzo ni amri ya utekelezaji ya Mei 1955. Haikuweka tarehe ya mwisho, na usimamizi iliwaachia majaji wa ngazi ya chini. Basi wazazi weusi walilazimika kushtaki wilaya moja baada ya nyingine, huku wakihatarisha kazi na usalama wao. Wilaya ya Prince Edward, Virginia, iliyokuwa miongoni mwa walioshtakiwa tangu mwanzo, ilifunga shule zake zote za umma kuanzia 1959 hadi 1964. Wazungu wakafunguliwa shule binafsi kwa msaada wa fedha za umma. Watoto wengi weusi wakakosa masomo miaka 5. Huo ni ukatili, hauna jina jingine.

Wilaya nyingine zilitumia hila ya "uhuru wa kuchagua", yaani kila mwanafunzi ajichagulie shule. New Kent, pia Virginia, ilikuwa na shule 2 tu, moja ya wazungu na moja ya weusi. Katika miaka 3 ya mpango huo hakuna mzungu hata mmoja aliyechagua shule ya weusi, na asilimia 85 ya weusi walibaki kwao.

Mambo yalibadilika kwa sababu mbili. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 iliruhusu serikali kuu kuzinyima fedha shule zinazobagua na kufungua kesi yenyewe. Kisha, mwaka 1968, kesi ya New Kent ikahamisha mzigo: bodi ya shule ndiyo itoe mpango unaofanya kazi sasa, nao upimwe kwa wanafunzi, walimu, wafanyakazi, usafiri, michezo na majengo. Mwaka 1969 Mahakama ikasema kusubiri kumekwisha. Mwaka 1971 ikaruhusu mabasi kusafirisha watoto nje ya mitaa yao ili shule zichanganyike.

Breki ilikuja 1974, katika kesi ya Detroit. Kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji walikataa kuziingiza wilaya 53 za pembezoni katika mpango wa jiji wa kuchanganya wanafunzi, kwa kuwa hazikuthibitika kuwa na kosa. Mzungu aliyehamia pembezoni akawa nje ya mkono wa amri. Kati ya majaji wanne waliopinga alikuwemo Thurgood Marshall, wakili wa kesi ya Brown, yule yule aliyekwenda London mwaka 1960 kuwasaidia wajumbe wa Kenya kuandaa rasimu ya haki za binadamu katika katiba yao.