Damu, malezi na uhalifu: tunayoyaamini na yaliyopimwa

Dhana: Mhalifu unamjua kwa sura.
Mwaka 1876 daktari Mwitalia, Cesare Lombroso, alidai kwamba wahalifu wa kuzaliwa wana taya kubwa na mikono mirefu kupita kiasi. Mwaka 1913 Charles Goring akachapisha vipimo vya wafungwa wapatao 3,000 wa Uingereza. Lile umbo la kihalifu hakuliona. Alichokuta ni kwamba kwa wastani walikuwa wafupi na wepesi kidogo kuliko wenzao wa uraiani, na kwa hilo humkamati mtu.

Dhana: Mtoto wa nyoka ni nyoka.
Hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Mwaka 1984 Sarnoff Mednick na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya 14,000 wa Denmark waliolelewa na wazazi wa kuasili, yaani waliowachukua kuwa watoto wao bila kuwazaa. Kwa wanaume ambao wazazi wao wote, wa damu na wa kuasili, hawakuwa na hatia, asilimia 13.5 walitiwa hatiani. Pale mzazi wa kuasili peke yake alipokuwa na hatia, ilikuwa 14.7. Mzazi wa damu peke yake, 20. Pande zote mbili, 24.5.

Basi urithi upo. Lakini soma tena ile 20: wanne kati ya watano hawakutiwa hatiani, ingawa mzazi aliyewazaa alikuwa na hatia. Isitoshe, uhusiano huo ulionekana kwenye makosa ya mali kama wizi, si kwenye makosa ya ukatili. (Na hukumu huhesabu waliokamatwa, si wote waliotenda.)

Dhana: Ipo jeni ya ujambazi.
Inayotajwa sana ni MAOA, inayosaidia kuvunjavunja kemikali ambazo seli za ubongo hutumia kupashana habari. Utafiti wa mwaka 2002 uliwafuatilia wavulana waliozaliwa Dunedin, New Zealand, miaka ya 1972 na 1973. Wenye MAOA dhaifu walioteswa utotoni ndio walioelekea zaidi kwenye fujo na ukatili. Wenye jeni hiyohiyo waliolelewa vizuri hawakuwa na tofauti ya maana na wengine. Tafiti zilizofuata hazijakubaliana zote juu ya nguvu ya uhusiano huo, kwa hiyo wakili anayeinua jeni moja mahakamani anaibebesha mzigo isioweza kuumudu.

Dhana: Aliyeteswa utotoni lazima awe katili.
Cathy Widom alionyesha mwaka 1989, huko Marekani, kwamba asilimia 26 ya watoto walioteswa au kutelekezwa walikamatwa wakiwa bado vijana, dhidi ya 17 ya wenzao. Hatari iliongezeka, naam. Lakini wengi hawakukamatwa.

Dhana: Mazingira ni ya nje, baiolojia ni ya ndani.
Kwangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Madini ya risasi kwenye rangi kuukuu huingia katika damu ya mtoto na kudhuru ubongo unaokua, ikiwemo sehemu ya mbele inayomsaidia mtu kujizuia. Pombe anayokunywa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Hofu ya kila siku nyumbani hubadili namna mwili unavyopokea vitisho. Huwezi kuchora mpaka hapo.

Dhana: Kilicho mwilini hakibadiliki.
Huko Elmira, New York, wauguzi waliwatembelea kina mama tangu ujauzito hadi mtoto alipofikisha miaka miwili. Watoto hao walipofika miaka 15, hasa wa kina mama maskini wasio na waume, walikuwa wamekamatwa mara chache kuliko wenzao ambao hawakutembelewa.