Je, wajua kwa nini daktari hukuuliza kama ulilazwa ndani ya miezi mitatu iliyopita?

Mama mdogo anakaa Shela, hii yetu ya Malindi, si ile ya Lamu. Mwezi uliopita mkojo ulikuwa ukimchoma kama pilipili. Akavumilia siku nne, ya tano tukapanda tuktuk kwenda kliniki. Daktari alikuwa kijana mdogo. Akamwamkia shikamoo, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mama, miezi mitatu hii umelazwa hospitali yoyote?"

Alikuwa amelazwa siku sita, nimonia. "Lakini mwanangu, kile kilikuwa kifua. Mimi nakwambia mkojo."

"Sawa, Mama. Na kabla ya kuja hapa umemeza dawa gani?"

Hapo mama mdogo akaanza kutengeneza buibui lake. Ukweli ukatoka kidogokidogo: alinunua rangi mbili kumi, zile kapsuli za amoksilini, duka la dawa, bila karatasi ya daktari. Akameza nne, moto ukapoa kidogo, na sita zilizobaki akampa jirani mwenye mafua. Alidhani atagombezwa. Yule kijana aliandika tu.

Maswali yale mawili jibu lake ni moja, na linaanzia tumboni. Ndani ya utumbo wa kila mtu mzima wanaishi bakteria wengi kuliko watu wote duniani, matrilioni, na wengi wao hawana neno na wewe. Mmojawapo ni E. coli. Akikaa utumboni ni mpangaji mwema. Akipotea njia akaingia kwenye mkojo, ndiye anayeleta maambukizi mengi ya mkojo tunayoyajua. Sisi huku hupenda kulaumu vyoo vya stendi, lakini mara nyingi mkosaji tumetembea naye wenyewe siku zote. Kwa hiyo daktari alipouliza habari ya kulazwa, alikuwa akiuliza: wapangaji wako wa sasa ni wale wa zamani, au wamebadilika?

Antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, ukiimeza au ukidungwa huzunguka mwili mzima. Haijui kwamba umeinywea kifua. Hufika utumboni pia, na huko huua bakteria wengi wasiohusika. Mvuvi wa jarife ataelewa upesi kinachofuata. Wavu wa macho makubwa hunasa samaki wakubwa, wadogo wakapenya. Uvue hivyo kila siku, miaka na miaka, mwishowe bahari imebaki na wale ambao wavu wako hauwawezi, na hao ndio watakaozaliana. Kwa bakteria hatuhitaji hata miaka. E. coli akipata joto na chakula cha kutosha hujigawa kuwa wawili kila dakika 20 hivi. Mmoja tu, kutoka isha mpaka alfajiri, tuseme muda wa saa tisa kamili, hesabu yake inapita milioni 130. Tena wana ujanja ambao samaki hawana: bakteria sugu anaweza kumpa mwenzake nakala ya kipande kidogo cha DNA chenye maelekezo ya kuishinda dawa, hata kama mwenzake ni wa kabila jingine la bakteria. Husambaa kama ujumbe wa WhatsApp kwenye kundi la jamaa.

Sasa ziweke habari hizo zote wodini. Pale ndipo penye dawa kali nyingi kuliko mahali popote mjini, penye watu ambao miili yao imechoka, na penye milango mipya ya kuingilia. Branula, ule mrija wa dripu mkononi, ni mlango. Mpira wa mkojo, ambao mama mdogo aliwekewa kwa kuwa hakuweza kuinuka, ni mlango mwingine, tena unaofika moja kwa moja kwenye kibofu. Ndiyo maana wahudumu wa afya wana mstari wao: maambukizi yakianza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa, kwa kawaida huhesabiwa kuwa yamepatikana hospitalini, hukuja nayo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, 15 hupata walau ambukizo moja humohumo. Nchi tajiri ni 7, kwa hiyo si aibu yetu peke yetu. Hapa jirani Kilifi, watafiti wa kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI-Wellcome Trust waliwafuatilia watoto waliolazwa kati ya 2002 na 2009. Wale waliopata bakteria kwenye damu wakiwa wodini, zaidi ya nusu walifariki.

Na bakteria hawana miguu. Hubebwa, hasa na mikono. Mwaka 1847 huko Vienna daktari Ignaz Semmelweis aliwalazimisha wenzake kunawa kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa kina mama wazazi, na vifo vya wazazi vikashuka kwa kasi. Wenzake wengi walimkasirikia, kwa kuwa alikuwa kama anawaambia mikono yao ndiyo inayoua. Mimi huwatazama zaidi wanaokuja kumtazama mgonjwa. Tunaingia kumi, chupa ya chai, bakuli la uji, mtoto mgongoni. Tunakaa kitandani pale kwenye shuka, tunamshika mkono wenye branula, tunamwombea dua, kisha tunahamia kitanda cha pili kumsalimu mgonjwa wa watu. Mapenzi matupu, sikatai. Lakini sisi tunaojua kuchukua udhu mpaka katikati ya vidole hatuna kisingizio cha kushindwa na sabuni ya mlangoni.

Mbona miezi mitatu, si mmoja au sita? Athari ya antibiotiki kwa bakteria wako huwa kubwa zaidi mwezi wa kwanza, kisha hupungua polepole, na inaweza kudumu hata mwaka. Miezi mitatu ni mpaka ambao madaktari wameuweka pale ambapo hatari bado ni ya kutilia maanani. Hauna uchawi wowote.

Kwa majibu aliyopewa, daktari hakuandika dawa ya kubahatisha. Aliagiza mkojo uoteshwe, yaani bakteria waliomo wakuzwe maabara. Baada ya siku tatu tulirudi, akatuonyesha picha kwenye simu aliyotumiwa na watu wa maabara: sahani ndogo ya plastiki, bakteria wametanda juu yake kama utando wa maziwa, na vikaratasi sita vya mviringo, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa inayofanya kazi huacha duara safi pembeni mwake, maana bakteria wameshindwa kuisogelea. Viwili vilikuwa na duara zuri. Vitatu vilikuwa na kiduara chembamba. Kimoja bakteria walikuwa wameota mpaka kwenye ukingo wa karatasi, bila hofu.

"Hiki ndicho cha rangi mbili uliyoimeza," daktari akasema. Akamwandikia mojawapo ya zile mbili, ya siku tano, na kumsihi asikatize wala asigawe. Akaongeza, karibu kwa kupita tu, kwamba mafua huletwa na virusi. Amoksilini huua kwa kuvunja ujenzi wa ukuta wa bakteria, na kirusi hana ukuta wa kuvunjwa, kwa hiyo aliyeimeza kwa mafua hakujitibu chochote, amewavua tu samaki wa tumboni mwake.

Mama mdogo alikuwa bado anaitazama ile sahani. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama tena.

"Mwanangu," akamwambia daktari, "na huyu jirani sasa nimwambie nini?"