Je, wajua? Maji inayojaa nyuma ya kanoti inaweza kuwa imeingilia mbele

Kama umeshapanda kanoti ya motere kwenye ziwa Kivu, kutoka Goma kwenda Idjwi ama Bukavu, umeshaona kijana wa kazi ameinama kule nyuma karibu na motere, bidoni iliyokatwa iko mkononi, anafua maji. Swali linakuja lenyewe: imetoboka wapi? Na jibu ambalo watu wengi wanatoa, mimi pia nililitoa kwa miaka, ni kwamba imetoboka palepale nyuma, juu maji inaonekana palepale.

Kanoti ya familia yetu tuliitoa ziwani mara mbili kwa sababu ya jibu hilo. Mara ya kwanza tukabadilisha bushoni ya nyuma, mara ya pili tukapaka mastiki ya silikone kwenye kila visi na kila bulo inayoshika ubao wa motere, na kila mara tukirudi majini siku ya soko, watu na mizigo ndani, maji inarudi vilevile. Mara ya tatu akaja fundi mmoja mzee, akaangalia ile mastiki yetu yote, akaniambia, "Mwanangu, maji haikai mahali imeingilia." Akakausha ndani yote kwa kitambaa, akachukua chaki ya shule akachora mistari kwa upana, mmoja kila hatua, kutoka mbele mpaka nyuma. Tukapakia mawe sawa na uzito wa abiria, tukaisukuma majini, tukangoja nusu saa. Mistari ya katikati na ya nyuma ilikuwa imefutika sehemu moja moja, kama mtu amepitisha kidole, na ule mfuto ulianzia mbele upande wa kuume, chini ya ule mpira unaozunguka ubavu. Kumbe kulikuwa na tundu mbili za visi zilizokatika zamani.

Fikiria nyumba ya bati. Mvua inapiga, tone linaanguka juu ya kitanda, unapanda unaziba bati iliyo juu ya kitanda na bado linaanguka, manake tundu iko mita mbili kule juu, maji ilifuata mbao mpaka ikapata mahali pa kuachia. Kanoti ni hivyohivyo, tena zaidi, juu motere iko nyuma na ndiyo nzito, alafu ukikaza mwendo pua inainuka, basi tone lolote lililoingia popote linateremka chini ya sakafu mpaka nyuma. Nyuma ni bonde tu. Watu wa Pwani wana hata jina la pale maji inapokusanyika chini ya chombo, wanapaita ngama.

Na kwa nini ilivuja paka siku ya soko? Kanoti tupu inaelea juu, zile tundu zilikuwa hewani. Ukipakia watu inazama sentimita kadhaa na tundu zinaingia chini ya maji. Kwa hiyo ukiambiwa kanoti inavuja tu ikijaa, ama tu ikikimbia, anza kutafuta juu kwenye mbavu na kwenye maungio, usianze chini.

Baharini kuna njia rahisi ya kujua kama ni maji ya mvua, unaonja tu chumvi. Kwetu Kivu haisaidii, maji ya ziwa haina chumvi ya bahari. Inabidi uifunike kanoti vizuri usiku mmoja ikiwa majini imetulia, asubuhi ukikuta maji basi ni ya ziwa.

Njia nyingine ni kugeuza mambo: kanoti iko nchi kavu, unamwaga maji NDANI na unaangalia inatokea wapi nje. Naipenda sana njia hii, ila kuna hatari moja watu wanaisahau. Maji ni mzito. Sakafu ya mita 4 kwa mita 1.2, ukijaza sentimita 10 tu, ni lita 480, yaani kilo 480, na kanoti imetengenezwa kusukumwa kutoka nje, haikutengenezwa kubeba tumbo la maji huku imekaa juu ya mawe mawili. Weka mbao nyingi chini yake, jaza kidogo kidogo, na kabla ya kumwaga paka chaki nje, penye unyevu pataonekana peusi mara moja. Lakini ufa mwembamba ambao unafunguka tu wimbi likipiga unaweza kubaki umefungwa wakati wa jaribio hili, kwa hiyo pakikauka kote usiseme kanoti ni nzima.

Sasa kuziba, na hapa kuna kosa la pili. Wengi wanaziba kutoka ndani, juu ndani kunafikika. Jaza beseni yenye tundu chini, weka kiganja juu ya tundu kutoka ndani: maji yenyewe inakigandamiza kiganja, huhitaji nguvu. Alafu jaribu kuzuia kwa kidole kutoka chini, maji inasukuma kidole na kupita pembeni. Kwenye kanoti maji iko nje, basi kiraka nacho kikae nje, ziwa likishikilie lenyewe. Kiraka cha sentimita 10 kwa 10, kikiwa sentimita 30 chini ya maji, kinasukumwa na nguvu ya kama kilo 3 usiku na mchana. Ukikiweka ndani, hizo kilo 3 zinafanya kazi ya kukibandua.

Na usidharau tundu ndogo. Tundu ya upana wa sentimita 1 kwenye kina hicho hicho inaingiza kama lita 7 kwa dakika, bidoni ya lita 20 inajaa kwa dakika tatu hivi. Ikipanuka mara mbili, maji inaingia mara nne.

Kwa kanoti ya fibri, ile ya nyuzi za kioo zilizogandishwa na resini, sugua pembeni ya ufa uwe mteremko mrefu, mara 12 ya unene: fibri ya milimita 5 inataka sentimita 6 kila upande. Resini ya epoksi inashika vizuri kuliko poliesteri juu ya fibri ya zamani, ila lazima pakauke kabisa, na usiku wa Goma una baridi, resini inachelewa kukomaa, ngoja. Kwa aluminiamu, toboa katundu kadogo mwisho wa ufa kabla ya kulehemu, ili ufa usiendelee kukimbia. Silikone ya madirisha usiiweke chini ya maji: inabanduka, na pale ilipokaa inaacha mafuta ambayo hakuna gundi nyingine inayoyakubali. Sisi ile yetu tuliikwangua siku mbili nzima kabla ya kuweka visi mpya na mastiki ya poliuretani, na kwenye mistari ya chaki ya safari iliyofuata hakuna hata mmoja uliofutika.