Nesi anayetaka kuwa mkunga Uingereza: kozi ya uzamili ilivyo, na pale watu wanapokwama

Aliyesomea Tanzania amezoea kuona uuguzi na ukunga vikikaa nyumba moja: baraza moja, mafunzo yamechanganywa, mwezi huu uko wodi ya upasuaji na mwezi ujao uko leba. Mkenya aliyetoka na KRCHN, sifa ya nesi wa afya ya jamii aliyesajiliwa Kenya, naye kazalisha tangu akiwa mwanafunzi. Uingereza hizi ni fani mbili. NMC, baraza la uuguzi na ukunga la huko, ndiyo inayosajili zote, lakini daftari lake lina sehemu ya manesi na sehemu ya wakunga, na jina lako likiwa upande wa manesi tu huruhusiwi kuzalisha. Wala usidhani ni ukali wa mkuu wa wodi. Ibara ya 45 ya Amri ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2001 inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayemzalisha mama bila kuwa mkunga au daktari aliyesajiliwa, au mwanafunzi wa fani hizo. Kinachoachwa ni dharura tu.

Kabla hujatafuta chuo, angalia makaratasi yako ya nyumbani. Kama ulisomea ukunga na baraza la kwenu linakutambua kuwa mkunga, huenda huhitaji kozi hii kabisa. NMC ina mtihani wa wakunga waliofunzwa nje: sehemu ya kwanza hufanywa kwenye kompyuta, hesabu za dawa zikiwa peke yake, na sehemu ya pili ni ya vitendo, unapita kituo baada ya kituo. Wengi waliingia Uingereza kwa mlango wa unesi kwa sababu ndio uliokuwa wazi, wakasahau kwamba cheti kilekile kingeweza kuwafungulia na huu mwingine. Waandikie NMC kwanza, usubiri jibu, ndipo uingie kwenye gharama ya miaka miwili.

Kwa asiye na sifa hizo, ipo kozi iliyofupishwa. Ni ya nesi aliyesajiliwa upande wa watu wazima. Nesi wa watoto au wa afya ya akili haimhusu, naye hana budi kwenda njia ndefu ya miaka mitatu na saa 4,600. Iliyofupishwa ni miaka miwili na saa 3,600, nusu darasani na nusu kazini. Vyuo vingi huitoa kama stashahada ya uzamili ya krediti 120 za ngazi ya 7, na ukiongeza tasnifu ya krediti 60 unatoka na shahada ya uzamili. NMC haikudai tasnifu. Ushauri wangu kwa mwenye familia na zamu za usiku ni asajiliwe na stashahada kwanza, tasnifu aifanye baadaye akiwa ameshashika mshahara wa mkunga.

Sasa fanya hesabu ya saa, maana ndiyo inayowashtua watu. Wiki ya kazi ni saa 37.5. Gawanya 3,600 kwa hizo: unapata wiki 96. Miaka miwili ina wiki 104. Zimebaki wiki nane za likizo, mafua, mtoto kuumwa na msiba wa nyumbani. Safari moja ya wiki tatu kwenda kuzika inakula zaidi ya theluthi ya akiba hiyo. Saa zilizokosekana hazisamehewi, hulipwa mwishoni, na usajili husogea mbele hadi zitimie. Ukiugua, mjulishe mratibu siku hiyohiyo, halafu omba tarehe za kulipia mapema kabla wanafunzi wengine hawajajaza nafasi.

Zipo pia hesabu za wagonjwa. Nimesema "wagonjwa" makusudi, kwa sababu ndivyo nesi anavyosema, na ndilo neno la kwanza utakalokatazwa. Ni wanawake. Unatakiwa kuwapima wajawazito wasiopungua 100, kuwahudumia wanawake 100 baada ya kujifungua pamoja na watoto wachanga 100 wazima, kuwaangalia wanawake 40 wenye matatizo ya ujauzito au uzazi, na kuzalisha 40 kwa mikono yako. Wakikosekana wa kutosha, 40 hiyo inaweza kushushwa hadi 30, lakini lazima uwe umesaidia vizazi vingine 20. Mtoto anayetanguliza makalio, kuongeza njia (kukata msamba kidogo ili mtoto apite) na kushona msamba vinaweza kufanyiwa mazoezi kwenye modeli pale ambapo hujavikuta wodini.

Mia za kliniki huja zenyewe. Wanaokwamisha ni hao 40. Kuzaa kwa upasuaji hakuhesabiki, hata kama ulikaa na mama saa kumi na moja kabla ya kwenda chumba cha upasuaji, na upasuaji umekuwa mwingi. Mtoto akivutwa na daktari kwa koleo au kwa kikombe, naye si wako. Nusu ya saa 3,600 ni 1,800, yaani zamu 150 za saa kumi na mbili, na hizo zimegawanywa kati ya kliniki, wodi ya baada ya kujifungua, jamii, wodi ya watoto wachanga na leba. Zikiangukia leba theluthi moja, una zamu 50 za kupata vizazi 40. Anayengoja mwaka wa pili ndipo aanze kuhesabu amechelewa. Omba zamu za usiku. Omba wiki katika kituo cha uzazi kinachoendeshwa na wakunga, ambako wanaopokelewa ni wale wasio na hatari na wengi hujifungua kawaida. Na timu ya wanaojifungulia nyumbani ikikubali kukubeba, nenda nayo, hata kama simu italia saa nane za usiku kwenye baridi ya Januari.

Kila kizazi kiandike siku hiyohiyo katika kumbukumbu ya maendeleo, ile ambayo vyuo vya England huiita MORA, na msimamizi wa zamu atie sahihi kabla hajaenda nyumbani. Sahihi iliyokosekana Machi haipatikani Agosti: mkunga yule kahama au yuko likizo ya uzazi. Msimamizi anakufundisha na kushuhudia kazi yako, lakini anayeamua kama umefaulu ni mtathmini, mtu mwingine kabisa, akishirikiana na mtathmini wa chuo. Watu huchanganya hawa watatu, wakaleta malalamiko yao mahali pasipohusika.

Yote hayo ni mipango tu. Kazi ngumu ya nesi mzoefu iko mikononi na kichwani.

Tuanze na mikono. Nesi amezoea kuangalia mashine. Tumbo la mjamzito linataka viganja. Kupima urefu wa mji wa mimba kwa futikamba kunaonekana kitu kidogo, na ndipo wengi hupoteza alama. Kuanzia wiki ya 24 mama hupimwa hivi: amekojoa, amelala nusu chali, tumbo limelegea. Kwa mikono miwili tafuta kwanza kilele cha mji, ndipo uguse futikamba. Anzia kileleni, shuka hadi ukingo wa juu wa mfupa wa kinena, upande wa namba ukiwa umegeukia ngozi. Kwa nini namba zifichwe? Kwa sababu ukijua ni wiki ya 32 na ukaiona 30, kidole kitasogea chenyewe hadi 32. Kilele kikiwa kimeegemea upande mmoja, pima kikiwa hapohapo, usikivute katikati. Kipimo ukiweke kwenye chati, kwa kuwa namba moja peke yake haikuambii kitu. Kinachosema ni mstari. Kibofu kilichojaa hupandisha mji, na mtoto aliyedumaa akapita bila kugunduliwa.

Kusikiliza mapigo ya mtoto nako kuna mitego yake. Katika leba isiyo na hatari huna haja ya kumfunga mama kwenye mashine. Unatumia fetoskopu au dopla mara tu uchungu unapoachia, kwa dakika nzima isiyopungua, kila dakika 15 katika hatua ya kwanza na kila dakika 5 mama anaposukuma. Wakati huohuo kidole kiko kwenye mshipa wa mkono wa mama. Mama aliyechoka katika hatua ya pili anaweza kuwa na mapigo 130, na dopla ikamsikia yeye badala ya mtoto. Ukaandika "130, sawa" huku mapigo ya mtoto yanashuka. Usiandike "130 hadi 140" kama ilivyozoeleka. Andika namba moja, kwa sababu mapigo ya msingi yanayopanda polepole kutoka 120 hadi 150 yatajificha ndani ya masafa, ingawa yote yako kati ya 110 na 160.

Jambo la kichwani ni gumu zaidi. Nesi hufundishwa kuona tatizo, kuripoti na kungoja agizo. Mkunga wa Uingereza, mama akiwa mzima na leba ikiwa ya kawaida, hana wa kumngoja. Yeye ndiye mtaalamu mkuu wa mama huyo: anampokea, anaamua kama leba imeshika, anamzalisha na kumruhusu kwenda nyumbani, na daktari anaweza asionekane tangu mwanzo hadi mwisho. Hata dawa zimo. Kanuni za Dawa za Binadamu za mwaka 2012 zinamruhusu mkunga kutoa dawa kadhaa bila kuandikiwa na daktari, zikiwemo oksitosini, ergometrini na ganzi ya kushonea. Mwanafunzi huzitoa mkunga akiwa amesimama palepale, isipokuwa zile za jamii ya mofini, ambazo kwa utaratibu huu hazimhusu. Manesi wenye miaka kumi ya kazi wana tabia ya kuuliza "daktari amesemaje?" mbele ya mama. Kwa mtathmini hilo ni doa, maana swali lake ni moja: wewe umeona nini, na unafanya nini sasa?

Upande wa pili wa sarafu ni kwamba nesi huona ugonjwa pasipo ugonjwa. Mlango wa uzazi umefunguka sentimita nne, mama anatembea na kuongea, na mwanafunzi anataka kumlaza, kumwekea dripu na kumpima njia kila saa. Mwongozo wa England huhesabu leba kuwa imeshika kuanzia sentimita nne pamoja na uchungu wa mpangilio, wakati Shirika la Afya Duniani linahesabu kuanzia tano. Kwa hiyo ukisoma miongozo yote miwili, angalia kwanza wanaanzia wapi kuhesabu. Kupima njia kwa kawaida ni kila baada ya saa nne. Katikati ya hapo unamsikiliza anavyopumua, unaangalia anavyokaa, unagusa tumbo kuhesabu uchungu katika dakika kumi. Kukaa kimya karibu na mtu anayeumia bila kumfanyia kitu ni ujuzi, na haukufundishwa popote kwenye wodi ya wagonjwa.

Unesi wako unakulipa siku damu inapotoka. Mkono unaokandamiza mji, jicho linalokadiria shuka lililolowa, sindano mbili nene za mishipa, wito wa msaada: haya unayajua. Jifunze tu kufikiri kwa mpangilio: mji umelegea, pamechanika, kipande cha kondo kimebaki, au damu haigandi. Mji kulegea ndio sababu ya mara nyingi, na kibofu kilichojaa ni mchawi wake mkubwa. Weka katheta mapema.

Darasani, ngazi ya 7 huomba kufaulu kwa 50%, na hesabu za dawa kwa kawaida ni 100% au urudie. Insha hazikatwi alama kwa Kiingereza chenye lafudhi ya kwetu. Zinakatwa kwa kueleza bila kupima. Ukiandika "utafiti unaonyesha", mhadhiri atauliza ulifanywa kwa nani, na kama mama wa hospitali yako anafanana nao.

Kozi ikiisha, mkuu wa elimu ya ukunga wa chuo huiandikia NMC kwamba una afya na mwenendo mwema, ndipo unaomba kuingizwa sehemu ya wakunga ya daftari. Ada ya mwaka ni ileile moja, hata ukiwa pande zote mbili. Kinachoongezeka ni saa: kila miaka mitatu, ili kubaki mkunga unahitaji saa 450 za kazi ya ukunga, na ukitaka unesi nao usife unaongeza 450 za unesi, jumla 900. Anayefanya leba peke yake, bila hata zamu moja ya kibarua wodini, ajue kwamba baada ya miaka mitatu atahuisha upande mmoja tu.