Kozi ya maendeleo ya jamii na uongozi: kule chuoni unaenda kusoma nini hasa?

Dirisha la udahili la TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, likifunguliwa tu simu yangu haitulii, mara mzazi, mara dogo katoka form six na HGL yake (historia, jiografia na Kiingereza), wote swali moja: mwalimu hii kozi ya maendeleo ya jamii na uongozi wanafundisha nini, si kuongea tu? Nimefundisha haya masomo kitambo sasa, kwa hiyo ngoja niandike hapa, nikiulizwa tena natuma hii.

Kuongea wengi wanakuja wakiwa wanajua tayari. Walikuwa viranja, wengine wameshapiga kampeni za serikali ya wanafunzi kabla hata bumu, ile hela ya mkopo, halijaingia, maiki haiwatishi. Ndo maana kazi ya kwanza ninayowapa inawaudhi sana: nenda mkutano mkuu wa kijiji, kaa nyuma, usichangie chochote, rudi uniambie nani alikaa wapi, nani aliongea mara ngapi, nani alinyamaza muda wote na nani hakuja kabisa. Hiyo ya mwisho ndo ngumu, maana kumwona ambaye hayupo inabidi kwanza ujue kijiji kina nani.

Na huwezi kuelewa ulichokiona kama sheria huijui. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, ile ya mamlaka za wilaya, mkutano mkuu ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea na wenyewe ndo wenye kauli ya juu kijijini, halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 mpaka 25 inatakiwa iwe chini yao. Halafu ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwamba halmashauri haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu uridhie. Sasa mwanafunzi akienda na haya kichwani ndo anaanza kushangaa, anakuta ajenda imefika ishaamuliwa, mtendaji anasoma haraka haraka, mikono juu, karatasi ya mahudhurio inapita, soda, watu makwao.

Hapo ndo natoa ngazi ya Sherry Arnstein, ya kupima wananchi wanashirikishwa kiasi gani. Huyu mama aliiandika 1969 akiangalia miradi ya miji ya Marekani, ina vidato vinane, chini kabisa ni wananchi kuhadaiwa, katikati kupewa taarifa na kuulizwa maoni, juu kabisa wananchi wenyewe ndo wanaamua. Nawaambia haya, mkutano wako uweke kwenye kidato kimoja na ujitetee mbele ya wenzako. Darasa linawaka moto kweli, na mara chache sana nimesikia mtu anapita kidato cha kuulizwa maoni.

Ila msidhani haya mambo ni ya kuletewa na wazungu wa miradi. 1973 hapa kwetu kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, watu karibu milioni mbili wamekaa vikundi vikundi wanasikiliza redio, kipindi kikiisha kiongozi wa kikundi anaongoza mazungumzo, kitabu kidogo mkononi, wanakubaliana cha kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi ya mbu. Huyo kiongozi hakuwa daktari, alipewa mafunzo mafupi tu, kazi yake kuuliza maswali na kuhakikisha kikundi kinaondoka na kazi. Miaka hiyohiyo ya 70 Bagamoyo kukawa na mradi wa Jipemoyo, Marja-Liisa Swantz na wenzake wanafanya utafiti pamoja na wanakijiji wenyewe, na utafiti shirikishi unaofundishwa leo dunia nzima mizizi yake mingine iko huko.

Sasa sikia hii. Mwaka uleule wa 1973, mwishoni, Mwalimu Nyerere akatangaza kuishi kwenye vijiji ni amri, mwisho 1976, watu wakahamishwa kwa mamilioni na kuna sehemu nyumba zilichomwa. Serikali ileile, kijiji kilekile! Asubuhi unaulizwa tujadiliane choo tuchimbe wapi, jioni unaambiwa panda lori. Mimi hiki kipindi nakitumia wiki nzima na sijutii, kwa sababu afisa maendeleo wa leo bado anatembea na vyote viwili, kushawishi na kuamrisha, na asipokaa macho atachukua la pili maana linaokoa muda.

Zana nazo utafundishwa, kuchora ramani ya kijiji chini kwa vijiti na mbegu, kalenda ya msimu, kupanga vipaumbele kwa kokoto. Wanawake na wanaume wachore mbali mbali tafadhali. Mara nyingi wanaume wanaanza na barabara na ofisi, wanawake wanaanza na kisima na njia ya kuni, ukiwachanganya unabaki na ramani moja tu, ya wanaume.

Ajira? Zipo ila foleni ni ndefu, nisikudanganye. Kata na halmashauri, TASAF (mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii), mashirika. Ukiwa halmashauri jiandae kwa ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, utashinda na katiba za vikundi na marejesho mpaka uchoke.

Kabla hujajaza hiyo kozi piga simu chuoni uulize fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ni wiki ngapi, mnapelekwa kijijini au mnajitafutia ofisi mjini, na msimamizi anakuja kweli au anasaini daftari akiwa kwake. Na waulize wanafunzi wa mwaka wa tatu, maana ofisi ya udahili watakujibu vizuri tu siku zote.